Kiapo Kisimuliwacho na Mshindi

Katika Kiswahili kiapo huliwa. Mtu hula kiapo, hula yamini, kama alavyo chakula, na neno lililotoka kinywani mwake hurejea likakaa mwilini mwake. Usemi huu ni wa kale, na chini yake kuna mambo mazito. Neno kiapo lilitaja pia jaribio la zamani ambalo mshtakiwa alinyweshwa dawa ya sumu, kama vile mwavi, ili dawa yenyewe itoe hukumu: asiye na hatia aitapike, mwenye hatia imwue. Kwa hiyo mwenye kula kiapo huaminiwa kuwa amembeba hakimu tumboni mwake. Lakini chakula kina mlaji na kina mpishi, na visa vingi vya viapo husimuliwa kana kwamba mpishi hakuwapo. Msomaji huambiwa nani alikula na jinsi alivyodhurika. Haambiwi nani alipakua, wala katika chungu mlikuwa na nini.

Miongoni mwa viapo vya utii vilivyotajika katika historia ya Ulaya, ni vichache vilivyozaa maneno mengi kama kile cha Harold, mwana wa Godwin, mtawala wa jimbo la Wessex, aliyekuwa mtu mkubwa kuliko wote katika Uingereza baada ya Mfalme Edward. Kisa chenyewe, kama kisimuliwavyo na Wanormani, ni hiki. Yapata mwaka 1064 Harold alivuka bahari akafika pwani ya Ponthieu, na huko akakamatwa na mwenye nchi, Guy. William, mtawala wa Normandy, akamtaka kwa Guy, akamchukua, akamkirimu, akaenda naye vitani Brittany, akamvika silaha. Kisha Harold akala kiapo kwamba atakuwa mtu wa William, na kwamba Edward akifa atamsaidia William kuupata ufalme wa Uingereza. Edward alifariki tarehe 5 Januari 1066, na kesho yake Harold akatawazwa yeye mwenyewe. William akadai kuwa amedhulumiwa na mwapaji mwongo. Akaunda merikebu, akavuka bahari, na tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Harold akauawa katika vita vya Hastings.

Kwa karne nyingi kisa hiki kimesomwa kama mafunzo juu ya mtu aliyevunja ahadi akaangamia. Ahadi ni deni, na asiyelipa deni hudaiwa. Lakini kazi ya uhakiki haianzi na hukumu. Huanza na msimulizi. Na wasimulizi wa kwanza wa kiapo hiki wote ni watu wa upande mmoja. Mtawa William wa Jumièges, aliyeandika kiasi cha mwaka 1070, anakitaja kwa maneno machache. Baada yake William wa Poitiers, aliyekuwa kasisi wa mtawala huyo wa Normandy, anakipa nyama na mifupa: anaorodhesha masharti, anaitaja ngome ya Dover kuwa miongoni mwa vitu vilivyoahidiwa, na anasisitiza kuwa Harold alitamka yote kwa hiari yake, mbele ya mashahidi waaminifu. Kwa upande wa Waingereza, kitabu chao cha matukio ya kila mwaka, kilichoandikwa kwa lugha yao wenyewe, hakina hata neno moja juu ya safari hiyo.

Msisitizo ule juu ya hiari wastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyepokea ahadi ya kweli kutoka kwa mtu huru hana haja ya kuikariri hiari yake. Huitaja ahadi, basi. Anayerudia kusema kwamba hapakuwa na shuruti aghalabu amekwisha kusikia watu wakinong'ona kuwa shuruti ilikuwapo. Wala wasimulizi hawapatani juu ya mahali. William wa Poitiers anakiweka kiapo Bonneville. Orderic Vitalis, aliyeandika katika karne iliyofuata, anakiweka Rouen. Na kile kitambaa mashuhuri cha Bayeux kinakiweka Bayeux. Jambo zito kiasi hiki, lililofanywa mbele ya mashahidi, lilipaswa kuwa na mahali pamoja.

Kitambaa hicho ndicho msimulizi bora kuliko wote, ingawa hakina sauti. Ni kitani chenye urefu wa mita zipatazo 70, kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu, na wanavyuoni wengi huamini kuwa kilitengenezwa Uingereza kwa amri ya Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama. Katika picha ya kiapo William amekaa kitini, upanga u mkononi, na kidole chake kimenyoshwa. Harold amesimama kati ya masanduku mawili ya mabaki ya watakatifu, mkono mmoja juu ya hili na mkono wa pili juu ya lile. Mikono ya mtu huyu imetandazwa huku na huku, wala hana mkono uliosalia wa kujikinga. Baadaye kidogo Harold ameonyeshwa amerudi mbele ya Mfalme Edward, ameinama, na mfalme anamnyoshea kidole. Anamkaripia, au anamkubali? Sindano haikusema. Ikiwa kweli mafundi walikuwa Waingereza waliofanya kazi kwa ujira wa washindi, basi walipata njia ya kumpa bwana wao alichokitaka bila ya kuwanyima watu wao shaka waliyostahili kuwa nayo.

Shaka hiyo ilipata ulimi baadaye. Eadmer, mtawa Mwingereza wa Canterbury, aliandika mwanzoni mwa karne ya 12 kwamba Harold hakutumwa na mtu yeyote kupeleka ahadi. Alikwenda kuwakomboa nduguye Wulfnoth na mpwa wake Hakon, waliokuwa wamewekwa rehani mikononi mwa William, na Mfalme Edward alimwonya kabla hajaondoka. Alipofika huko akaona kuwa mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni kiapo. Akakila, akaruhusiwa kurudi na mpwa wake, na nduguye akabaki. Katika simulizi hii sura yote ya jambo imegeuka. Aliyekuwa mjumbe amekuwa mfungwa, na iliyokuwa karamu imekuwa fidia.

Kisha akaja Wace, mshairi aliyemwandikia Mfalme Henry wa Pili, kitukuu cha William. Wace anaeleza kuwa mabaki ya watakatifu yalifichwa chini ya kitambaa, na Harold akaweka mkono juu yake asijue kilichomo. Alipokwisha kuapa kitambaa kikafunuliwa, naye akatetemeka kwa hofu. Hapana shaka mshairi alikusudia kumtukuza babu wa mfalme wake kwa werevu. Lakini kwa kuisifu hila ameibomoa hoja. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako; na Harold wa Wace alikuwa ameuwekea mkono uo huo utakaomla, umefunikwa nguo. Kama hakujua alichokiapia, amekula sumu iliyofichwa katika chakula, na aibu ya kitendo hicho humwangukia mpishi. Karne nyingi baadaye Tennyson, alipoandika tamthilia yake juu ya Harold mwaka 1876, alilichukua jambo hili la mifupa iliyofichwa akaliweka mbele ya hadhira, kwa kuwa alitambua kuwa huzuni yote ya kisa iko hapo.

Yafaa sasa kuulizwa kwa nini William alikihitaji kiapo, hali alikuwa na jeshi. Jibu ni kwamba jeshi huteka nchi, lakini kiapo huitwaa haki. Pasipo kiapo Hastings ni uvamizi. Palipo na kiapo Hastings ni hukumu, na mvamizi anakuwa mdai aliyekwenda kuchukua chake. William wa Poitiers anasema kuwa bwana wake alipeleka shauri lake Roma, naye Papa Alexander wa Pili akampa bendera. Kwa hiyo maneno yaliyotamkwa chumbani Normandy yalisafiri hadi Roma yakarudi yakiwa bendera ya vita. Harold aliyatamka mara moja. Walioyabeba, wakayatafsiri na kuyaandika walikuwa wengine. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kukipimia kisa cha kiapo: si nani aliapa, bali nani aliondoka na maneno ya kiapo mfukoni.

Katika Tanzania kipimo hiki si kigeni. Mwezi wa Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara, na huko Msovero akafanya mapatano na Mangungo. Mapatano hayo yaliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungo hakuisoma. Karatasi zikapelekwa Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo wenyewe walidhani wamempokea mgeni tu. Karatasi ile ilifanya kazi ya kitambaa cha Wace: juu yake palikuwa na urafiki, chini yake palikuwa na nchi nzima. Walakini Watanzania wengi hulitumia jina la Mangungo kumdhihakia mtu anayetia sahihi asilolijua. Dhihaka hiyo ina haki yake kama onyo kwa viongozi. Kama hukumu ya historia, inamcheka aliyedanganywa na kumwacha mdanganyaji apite salama.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na cha Harold kiko Uhehe. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika Ipogolo, penye mto Ruaha Mdogo, na hapo njia ya kwenda mjini Iringa huiacha barabara kuu ikapanda kilima. Mji ulioko juu ya kilima hicho umechukua jina lake katika neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Hata hivyo mji wenyewe si ngome ya Wahehe. Ngome yao ilikuwa Kalenga, magharibi ya mji, kando ya mto huohuo, nayo ilivunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Boma jipya lilijengwa na Tom Prince mwaka 1896. Kwa hiyo jina ni la waliotekwa na mji ni wa waliowateka, na kati ya jina na mji ndipo alipokaa, kwa muda mfupi kupita kiasi, mtu aitwaye Mpangile.

Mpangile alikuwa ndugu wa Mkwawa. Nduguye ndiye aliyelivunja jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na baada ya Kalenga kuanguka akaingia porini asikubali kuinamisha kichwa. Mwaka 1896, watu wengi walipokuwa wamechoshwa na vita na njaa, Mpangile alijisalimisha kwa Wajerumani. Mwezi wa Desemba mwaka huo Prince akamtawaza kuwa mkuu wa Uhehe. Mwezi wa Februari 1897, miezi miwili haijatimia, akauawa kwa hukumu ya walewale waliomtawaza, kwa shtaka la kumsaidia nduguye kwa siri.

Kukubali kiti kutoka mkononi mwa mshindi ni kula kiapo, hata kama hakuna sanduku la mabaki wala karatasi. Na hapa kisa cha Mpangile chamwangaza Harold kuliko vile Harold amwangazavyo Mpangile. Katika visa vyote viwili mshindi alitoa kwanza: William alimvika Harold silaha, Prince alimpa Mpangile kiti. Katika vyote viwili zawadi ikawa kamba. Katika vyote viwili mwapaji alipohukumiwa, aliyempa ndiye aliyekuwa mdai, shahidi na hakimu kwa pamoja. Na katika vyote viwili, kama Eadmer akiaminiwa, nyuma ya kiapo amesimama ndugu. Harold aliapa ili amkomboe wake. Mpangile alitakiwa kumwinda wake.

Hapo ndipo ile methali ya ahadi ni deni inapotakiwa kuchunguzwa badala ya kurushwa kama jiwe. Deni halali lina mkopeshaji aliyetoa kilicho chake. William alimkopesha Harold kitu gani? Alimkopesha uhuru wa mwili wake mwenyewe. Prince alimkopesha Mpangile kitu gani? Alimkopesha nchi ya baba yake. Mwivi aliyemrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba kimoja hajawa mkopeshaji, wala mwenye nyumba hajawa mdaiwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, hawamfungi mtu kwa yamini aliyoitamka kwa kulazimishwa. Hukumu hiyo haikutungwa na washairi wenye huruma, bali na watu wa sheria waliojua kuwa mdomo waweza kutikiswa na upanga kama jani litikiswavyo na upepo.

Yawezekana pakatolewa pingamizi, nayo si dhaifu. Ikiwa kila kiapo cha mshinde ni bure, mtu yeyote aweza kusema kuwa alilazimishwa, na neno la mtu litakosa thamani. Tena palikuwa na waliokula na mshindi wakasimama na neno lao. Merere wa Usangu, adui wa Wahehe tangu zamani, alishikamana na Wajerumani, na kwa mkono wao akarudishiwa nchi yake. Na palikuwa na Mkwawa mwenyewe, ambaye alipotangaziwa zawadi ya rupia 5,000 juu ya kichwa chake hakurudi kuomba kiti, bali alijiua kwa bunduki huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Mbele ya watu hao wawili, mmoja aliyetimiza utii na mmoja aliyeukataa, Mpangile aonekana kama mtu aliyekwama mlangoni, mguu ndani, mguu nje.

Pingamizi hiyo ina ukweli nusu. Merere hakuombwa amtoe ndugu yake. Mapatano yake na Wajerumani yalikwenda upande mmoja na uadui wa zamani wa nchi yake, kwa hiyo uaminifu haukumgharimu moyo wake. Mkwawa naye alichagua njia tukufu, lakini njia hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na wafuasi wachache. Wanawake, watoto na wakulima wa Uhehe wasingeweza wote kufia Mlambalasi. Ilikuwa lazima mtu akae kitini awaamue watu na kupokea hasira ya boma kabla haijawafikia. Aliyekaa mahali hapo hakuwa na neno moja la kulinda. Alikuwa na maneno mawili, la mshindi na la damu yake, na kila moja lilidai kufa kwa jingine. Kumwita mtu huyo msaliti ni rahisi, na ajabu ni kwamba pande zote mbili zaweza kumwita hivyo: Wajerumani kwa kuwa alimkumbuka nduguye, na wazalendo kwa kuwa alikaa kitini. Mtu anayeshtakiwa usaliti na pande mbili zinazopingana hastahili kuhukumiwa na upande wowote bila ya kusikilizwa upya.

Na kusikilizwa ndiko kugumu, kwa kuwa habari zake zimeandikwa na kalamu za waliomwua. Miongoni mwa vitabu vinavyosimulia miaka hiyo ya Iringa kimo cha Magdalene von Prince, mke wa Tom Prince, kilichotolewa mwaka 1903. Kitabu cha namna hiyo hakifai kutupwa, kama vile William wa Poitiers hafai kutupwa. Hufaa kusomwa kama kitambaa cha Bayeux kisomwavyo, kwa kuangalia mikono iko wapi, nani amekaa na nani amesimama, na ni wapi sindano imenyamaza. Msimulizi wa upande wa mshindi hawezi kumwonyesha mwapaji bila ya kuonyesha pia chumba alichoapia, na chumba mara nyingi husema kweli kuliko msimulizi.

Waandishi wa Kiswahili wana deni hapa, na hili ni deni halali. Mkwawa amepewa heshima yake: fuvu lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, baada ya kudaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, makumbusho yamejengwa, na jina lake limepewa shule na chuo. Fasihi nayo imempenda, kwa kuwa shujaa asiyeapa huandikika kwa urahisi. Amesimama wima kutoka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Mpangile ni mgumu zaidi kuandikika, na kwa sababu hiyo anafaa zaidi. Tamthilia au riwaya itakayomweka jukwaani ikamfanya kibaraka itakuwa imeikariri hukumu ya boma kwa sauti ya uzalendo. Itakayomfanya shujaa wa siri, aliyekuwa akimcheza Mjerumani tangu siku ya kwanza, itakuwa imemnyang'anya uchungu wake. Kazi iliyo njema itamwonyesha akipokea kiti mchana, na usiku akikumbuka kuwa nduguye analala nje.

Mwaka 1066 haukuwa mwisho wa Harold, kwa kuwa Eadmer aliinua kalamu, na baada yake wengine, hata aliyeshindwa akapata mtetezi katika lugha ya waliomshinda. Mpangile angali anamngoja Eadmer wake. Atakapopatikana, na auanze uandishi wake kwa swali lililoachwa na wasimulizi wa viapo tangu zamani: chakula kile kilichomwua mlaji, ni nani aliyekipika?